Gari la zamani limegoma kuwaka ghafla: betri mpya, bado linapiga "tak" moja tu

Chuma Chakavu (mwanzisha uzi)

Wakuu, habari zenu.

Nina gari la mwaka 1996, petroli, silinda 4, la injekta, gia za mkono. Tumeishi nalo miaka tisa bila ugomvi mkubwa. Juzi asubuhi niliwasha kama kawaida, nikaendesha dakika ishirini hivi, nikazima, nikashuka kidogo. Kurudi, nazungusha ufunguo: "tak". Moja tu. Taa za dashibodi zinawaka, honi inalia, redio inaimba. Nazungusha tena: "tak". Kimya.

Vijana wawili wakanisukuma, gia ya pili, nikaachia klachi, likashika mara moja. Nimefika nyumbani nimezima nikajaribu tena: "tak". Nikasema hii betri, maana ilikuwa na miaka minne. Nimenunua mpya, nimeifunga leo asubuhi, roho kwatu. "Tak."

Naomba msaada kabla sijanunua stata, ile mota inayozungusha injini iwake. Fundi niliyempigia simu hakutaka hata kuliona gari, kasema "hiyo stata bosi, wewe leta hela". Inawezekana yuko sahihi. Ila kwenye betri nimeshaumia mara moja.

Spana Kumi

Pole mkuu, karibu kwenye chama. Stata hiyo. Ya kwangu ilianza hivyohivyo. Chukua nyundo ndogo, gonga mgongo wa stata taratibu huku mwenzako anazungusha ufunguo. Kaboni zinazopeleka umeme ndani ya mota zikiisha hazigusi vizuri, ukizigonga zinashtuka na inazunguka. Ikiitika tu, jibu unalo.

Mzee wa Waya

Spana Kumi mdogo wangu, nyundo ni huduma ya kwanza, siyo kipimo. Mpe mtu nyundo kabla hujamuuliza maswali, wiki ijayo atarudi hapa na stata mpya na "tak" ileile.

Chuma Chakavu, gari lisilowaka lina magonjwa mawili ambayo hayana hata undugu. La kwanza, injini haizunguki kabisa. La pili, injini inazunguka lakini haishiki moto. La kwanza ni mambo ya umeme mzito: betri, nyaya nene, stata. La pili ni cheche, mafuta na taimingi. Watu wengi wanachanganya, ndiyo maana unaona mtu gari halizunguki na yeye anabadilisha plagi. La kwako ni la kwanza, na bahati nzuri ulilisukuma likawaka. Huo msukumo umeshakupimia nusu ya gari: cheche ipo, mafuta yapo, injini haijakwama. Huko kote usiguse.

Turudi kwenye hiyo "tak". Ukizungusha ufunguo, umeme mdogo unapita kwenye swichi unakwenda kwenye solenoidi, lile pipa dogo lililobebwa mgongoni na stata. Solenoidi inafanya kazi mbili kwa mpigo mmoja: inasukuma bendeksi (gia ndogo ya stata) ishike meno ya flaiwili (gurudumu zito la injini), na inakutanisha vipande viwili vya shaba ili umeme mkubwa uingie kwenye mota. Wewe unasikia ile kazi ya kwanza. Umeme mdogo umefika, mkubwa ndio umepotelea njiani. Stata ya gari dogo inavuta ampea 100 hadi 200, na pale inapoanza tu inaweza kuvuta zaidi. Redio na taa za dashibodi zinakula ampea chache mno, kwa hiyo redio kuimba si ushahidi wa chochote.

Una mita ya umeme? Yoyote ile. Iweke kwenye volti za betri, kipimo cha 20. Ncha nyekundu kwenye chanya, nyeusi kwenye hasi, na uguse risasi yenyewe ya betri (ile nguzo), siyo klampu (kibano cha waya). Soma gari likiwa limezimwa. Kisha mwenzako azungushe ufunguo na aushikilie, wewe macho kwenye mita. Lete namba mbili hizo hapa. Usinunue kitu.

Mama Klachi

Shikamoo Mzee wa Waya. Swali: mbona magari mengine ya gia za mkono yana swichi chini ya pedali ya klachi, usipokanyaga hadi mwisho stata haipati umeme? Na ya otomatiki yana swichi ya gia, hayawaki mpaka yawe P au N. Haiwezi kuwa hiyo?

Mzee wa Waya

Marahaba mwanangu. Swali zuri. Swichi hizo zikifa zinakata ule umeme mdogo, kwa hiyo hata "tak" ya stata huisikii. Unachoweza kusikia ni "tik" nyepesi ya rilei (swichi ndogo inayoendeshwa na umeme) ndani ya kabati la fyuzi. Ndiyo maana inabidi mtu asimame nje boneti likiwa wazi asikilize sauti inatoka wapi. Ikitoka chini ubavuni mwa injini, nzito kama mtu amegonga chuma kwa bisibisi, hiyo ni solenoidi. Mwenye otomatiki likigoma, kabla ya yote ajaribu kwenye N. Mara nyingi swichi imechoka upande wa P tu.

Chuma Chakavu

Sauti inatoka chini kwenye stata, nzito. Nyundo nimejaribu pia (samahani Mzee), hakuna kitu.

Namba: limezimwa 12.6. Nikishikilia ufunguo 12.4. Nimerudia mara tatu, ni hivyohivyo.

Spana Kumi

12.4 ni nzuri basi. Betri nzima, stata imekufa. Nilisema.

Mzee wa Waya

Polepole. Hiyo 12.4 ndiyo namba tamu kuliko zote kwenye uzi huu.

Betri ya volti 12 iliyojaa na kupumzika inasoma kama 12.6. Ikiwa 12.2 imebaki nusu hivi, ikishuka chini ya 12 hiyo imelala. Stata inapozunguka kweli, betri nzima lazima ishuke, 11, 10 na kitu, kwa sababu mzigo ni mkubwa. Ikianguka chini ya 9.6 au hapo karibu, betri ni dhaifu au stata inavuta kupita kiasi. Yako imeshuka volti 0.2 tu. Maana yake hakuna mzigo uliotoka. Betri imesimama mlangoni na gunia kichwani, hakuna wa kulipokea.

Kwa hiyo sehemu iliyokatika iko kati ya betri na mota. Inaweza kuwa ndani ya stata, kama anavyosema Spana Kumi: kaboni zimekwisha, au zile shaba za solenoidi zimelika, na kwenye stata zenye umri huo kulika kwa shaba ni jambo la kawaida. Inaweza pia kuwa waya mnene wa chanya. Au waya wa hasi unaounga betri na bodi na injini. Watatu hawa wana sauti moja. Mita inawatenganisha kwa dakika tano.

Acha mita kwenye volti zilezile. Kipimo cha kwanza: ncha moja kwenye risasi ya HASI ya betri, nyingine kwenye chuma kitupu cha injini, siyo sehemu yenye rangi. Mwenzako azungushe. Njia ikiwa nzima utasoma karibu na sifuri, 0.2 au 0.3 haina shida. Kipimo cha pili: ncha nyekundu kwenye risasi ya CHANYA ya betri, nyeusi kwenye boliti nene ya stata, pale waya mkubwa unapofungwa. Azungushe. Isizidi 0.5. Unapima volti zinazopotea njiani. Waya mzima haupotezi kitu, waya mbovu unazila zote.

Gia iwe fri, breki ya mkono juu, na nguo au nywele zisikaribie mikanda. Gari likiamua kuwaka ghafla halitakuuliza uko wapi.

Mama Klachi

Hapo kwenye waya wa hasi naomba niongeze, maana ulinitesa mimi. Dalili yangu haikuwa "tak" moja, ilikuwa "takatakataka" kama cherehani, na kila mtu akasema betri. Betri ilikuwa nzima. Siku moja nimeegemea pale nikagusa waya wa akseleta, ule wa chuma unaotoka kwenye pedali, ni wa moto! Kumbe mkanda wa hasi kati ya injini na bodi ulikuwa umekatika, umeme wa stata ukawa unatafuta njia ya kurudi popote, ukapita kwenye waya wa akseleta. Mkanda umebadilishwa, shida imekwisha. Kwa hiyo cherehani siyo betri kila mara.

Mzee wa Waya

Huo ni ushahidi mzuri sana mwanangu. Waya wa akseleta au wa klachi ukipata joto wakati wa kupiga stata, usitafute kwingine, ni hasi ya injini. Na cherehani inakuja kwa sababu solenoidi ikishika tu, volti zinaanguka, inaachia, zinarudi, inashika tena. Kwa kawaida ni betri iliyokwisha au klampu zenye ule unga mweupe au wa kijani. Unga huo unasafishwa kwa maji yenye magadi ya kuokea, kisha mswaki wa waya mpaka risasi ing'ae. Klampu ikikazwa isizunguke kwa mkono.

Dereva wa Usiku

Wakuu mbona mnamzungusha jamaa? Achukue bisibisi ndefu aunganishe zile boliti mbili za stata moja kwa moja. Ikizunguka stata nzima, isipozunguka mbovu. Nimemaliza.

Mzee wa Waya

Utammaliza kweli. Kwanza, ukigusa boliti ya chanya na bodi kwa pamoja, bisibisi inaungulia hapohapo kama ncha ya kuchomelea. Pili, kama gari liko kwenye gia linamrukia aliyesimama mbele. Tatu, hapa hata jibu usingepata: umeme usiofika kwenye boliti hautafikishwa na bisibisi. Ungesema stata mbovu, na ungekosea.

Hizi stata zenyewe watu walizililia. Kabla ya Cadillac kuleta stata ya umeme mwaka 1912, kazi ya Charles Kettering, injini ilizungushwa kwa mkono kwa chuma mbele ya gari, na ikirudisha nyuma inavunja mkono. Sasa tumepewa ufunguo, sisi tunatafuta bisibisi.

Chuma Chakavu

Nimepima. Upande wa hasi: 0.1. Upande wa chanya: 12.1!!

Nimerudia nikidhani nimekosea. 12.1 tena.

Mzee wa Waya

Umemkamata. Volti zote zinaishia kwenye huo waya mwekundu kabla ya kufika kwenye stata. Stata yako haijaonja umeme tangu juzi.

Sasa ni ama kiungo cha kwenye klampu, ama cha kwenye stata, ama katikati. Toa klampu ya HASI kwanza, daima. Ukianza na chanya na spana ikagusa bodi, utaona nyota mchana. Kisha fungua ncha zote mbili za waya, zikague, zipinde kwa vidole. Waya mnene ulio mzima ni mgumu kupinda. Ukikuta sehemu imelegea kama kamba ya kiatu, pasua plastiki hapo.

Chuma Chakavu

Picha haipandi, nitaeleza. Ncha zote mbili safi, zimekazwa, hata mimi ningeapa hazina shida. Lakini kama sentimita nane kutoka kwenye klampu waya unapinda wenyewe. Nimepasua kwa wembe: ndani ni unga wa kijani, nyuzi za shaba zimekatika karibu zote, zilizobaki mbili tatu zinavunjika ukizigusa. Plastiki ya nje nzima kabisa, nyekundu, inang'aa.

Nadhani ni asidi ya betri ya zamani imetambaa ndani ya waya miaka yote hii. Na mimi ndiye niliyekuwa naupindapinda kila nikiosha injini.

Spana Kumi

Duh. Nimekubali. Lakini mbona taa, honi na redio vilikuwa vinawaka kama chanya imekatika?

Mzee wa Waya

Kwenye magari mengi klampu ya chanya inatoka nyaya mbili: mnene wa stata, na mwembamba kidogo wa kwenda kwenye kabati la fyuzi. Wa fyuzi ulikuwa mzima, na umeme wa kuamsha solenoidi unapitia huko. Ndiyo maana ukapata "tak" moja iliyosimama imara. Angepoteza njia ya hasi kama Mama Klachi, hata solenoidi ingeyumba.

Waya mpya uwe na unene uleule au zaidi. Milimita mraba 25 hadi 35 ndio wa kawaida kwa gari dogo, lakini pima wa kwako. Vichwa vyake vibanwe kwa mashine, si kwa koleo na matumaini. Upitishe njia ileile ya zamani, mbali na eksozi.

Zunguka Tu

Wakubwa samahani kwa kudandia uzi. La kwangu ni ugonjwa wa pili. 1998, otomatiki, injekta. Likikaa juani nusu saa vioo vimefungwa, nikirudi stata inazungusha vizuri kabisa lakini haishiki. Nikisubiri mpaka jioni linawaka kama halijawahi kuumwa. Nimeshabadilisha plagi na chujio la mafuta. Rafiki ananiambia nimwage petroli kidogo kwenye bomba la hewa.

Mama Klachi

Usimwage petroli popote jamani! Injini ikipiga kinyume moto unarudi kwenye uso wako.

Spana Kumi

Hili niachieni mimi, hili nalijua kwa machozi.

Siku likigoma fanya mambo mawili kabla halijapoa. Likishapoa limeshajificha. Moja, washa ufunguo bila kupiga stata, redio zima, feni zima, sikiliza nyuma kwenye tanki. Pampu ya mafuta inatakiwa kuvuma sekunde mbili hivi kisha inyamaze. Mbili, piga stata ukitazama mshale wa mizunguko ya injini. Kwenye magari mengi ya umri huo mshale ukitikisika kidogo, sensa ya krenki (inayosoma mzunguko wa injini) inatoa habari. Ukilala kabisa na hakuna cheche, mshukiwa ni sensa hiyo, nayo hupenda kufa ikipata moto na kufufuka ikipoa.

Pia zingatia sauti ya kuzunguka. Kama ni ileile ya siku zote, yenye mapigo, sawa. Siku ukisikia inazunguka haraka na laini kama feni, ACHA, usirudie. Huenda mkanda wa taimingi umekatika, na kwenye injini nyingi kila ukizungusha valvu zinagongana na pistoni.

Zunguka Tu

Leo mchana limegoma, nimefanya ulivyosema. Mshale unatikisika. Pampu kimya kabisa. Jioni nimewasha ufunguo, pampu inavuma.

Spana Kumi

Kama nilivyodhani. Usinunue pampu. Pampu inaweza kuwa nzima ikakosa umeme. Tafuta rilei kuu inayolisha pampu, kwenye magari kadhaa ya miaka hiyo imefungwa chini ya dashibodi upande wa dereva, na humo ndani ndimo kunapochemka ukifunga vioo. Fungua kasha lake, geuza ubao, tazama kwa kioo cha kukuzia pale miguu ya rilei ilipolehemiwa. Kama kuna duara jembamba jeusi kuzunguka mguu, hiyo ni lehemu iliyopasuka. Likipata joto linaachana, likipoa linagusana.

Ya kwangu ilinila pampu mbili kabla sijaifungua. Pampu mbili nzima kabisa, wakuu.

Zunguka Tu

Nimefungua. Miguu mitatu ina hilo duara! Nimelehemu upya, nimerudisha. Kesho naliacha juani makusudi.

Dereva wa Usiku

Na mimi la kwangu betri inakufa kila nikiliacha siku mbili, tatizo nini?

Mzee wa Waya

Hilo fungua uzi wake kaka, ni hadithi ndefu. Kwa haraka: zima kila kitu, funga milango, subiri nusu saa, kisha pima umeme unaotoka betrini kwa kipimo cha ampea, mita ikae kati ya hasi na klampu yake. Ukizidi miliampea 50, chomoa fyuzi moja moja mpaka ushuke. Na usipige stata mita ikiwa imeunganishwa hivyo, utaiunguza. Anza na taa ya buti.

Chuma Chakavu

Mrejesho. Waya mpya umefungwa, unene uleule, vichwa vimebanwa kwa mashine. Nimerudisha chanya kwanza, hasi mwisho. Nimezungusha ufunguo, limewaka kabla sijajiandaa. Nimezima, nimewasha, nimezima, nimewasha, jirani katoka nje kuuliza kuna nini.

Nimepima tena upande wa chanya wakati linazungusha: 0.2. Betri wakati wa kupiga stata inashuka mpaka 10.7, na sasa naifurahia hiyo kushuka. Injini ikiwa inanguruma nasoma 14.1, kwa hiyo alternata nayo inachaji.

Zunguka Tu, la kwako juani limeitikaje?

Zunguka Tu

Masaa matatu juani, vioo juu. Limewaka mara ya kwanza. Kesho narudia.

Chuma Chakavu

Safi sana. Mimi nimeipima ile betri ya zamani, ya miaka minne, iliyokaa stoo tangu niitoe: 12.5. Nimeirudisha garini kujaribu, inapiga stata bila wasiwasi. Sasa nina betri mbili nzima na gari moja.

Na yule fundi kapiga simu jana usiku, anauliza stata naileta lini.